Bwawa la Kiinua Mgongo

Maji yalikuwa yameshuka tena. Mama Bwawa hakuhitaji rula kulijua hilo. Jana lile jiwe lenye umbo la kiatu lilikuwa limezama mpaka kisigino. Leo limesimama nchi kavu kama limesahauliwa na mwenyewe. Samaki wekundu walikuwa wamejibana upande wenye kina, midomo juu, wakipumua kwa zamu.

"Baba watoto," aliita, "njoo uone kazi yako."

Mume wake akaja na bisibisi mkononi. Tangu asubuhi alikuwa akifungua pampu na kuifunga, kuifungua na kuifunga, kama mtu anayempima homa mtoto asiye mgonjwa.

"Ni jua," alisema. "Msimu huu jua linakunywa kweli."

"Linakunywa bwawa na kuacha ndoo?"

Ndoo hiyo aliiweka mume mwenyewe ukingoni siku chache kabla, ipigwe na jua lilelile, ili amnyamazishe mkewe. Maji ya ndoo yalikuwa yamepungua upana wa ukucha. Ya bwawa yalikuwa yamepungua kiganja kizima, na pampu ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hata mabomba ya maporomoko hayakuwa na kesi. Shahidi wake alikuwa amemgeuka.

"Basi linavuja," alisema kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa wa aibu.

Kuvuja kwa bwawa lile hakukuwa jambo la samaki. Kiwanda kilipowaachisha watu kazi, wenzake mume walinunua pikipiki, wengine wakafungua maduka ambayo sasa yamebaki makufuli. Yeye alichukua kiinua mgongo chake, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akalitandika mpira mweusi mzito kama tyubu ya lori, akapanga mawe, akapanda matete upande wa ukuta wa jirani, akatengeneza maporomoko ya kimo cha mtoto. Mtaa ulicheka mpaka ukashika mbavu. Wengine kiinua mgongo huwainua, walisema, huyu chake amekizika akakimwagia maji. Bwawa likaitwa Kiinua Mgongo, na mkewe, ambaye zamani aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akawa Mama Bwawa.

Kicheko kilikoma siku mpiga picha mmoja alipoleta bibi harusi apigwe picha pale, na picha zikatoka kama za nchi ya mbali. Tangu hapo haikupita Jumamosi bila shela kuburuzwa kwenye nyasi zile. Unga, umeme, ada ya binti aliye bweni, vyote vilitoka kwenye maji yale.

"Jumamosi ni binti wa mwenye maduka ya vitambaa," Mama Bwawa alisema. "Malipo ya kwanza tumeshayapeleka shuleni. Tutamrudishia nini? Tope?"

"Nitaita gari la maji lijaze."

"Lijaze, livuje, lijaze, livuje. Una kisima wewe? Tafuta tundu kwanza."

Mama yake mume alipita akielekea choo cha uani, fimbo mbele, yeye nyuma. Wote pale nyumbani walimwita Mama, lakini wateja walipomtaja walisema yule bibi, na Bibi ndilo jina lililomkaa.

"Mnagombana na maji?" aliuliza. "Maji hayana mdomo, mtashindwa."

"Mama, pitia ukutani. Hapa pana tope."

Bibi akapitia ukutani. Alikuwa amezoea kupitia ukutani.


Mchana huohuo jirani alibisha getini. Alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na mpaka leo akikuomba chumvi utadhani anakusomea hukumu.

"Mama, nimeleta lalamiko. Bwawa lako linakojoa kwenye ukuta wangu."

"Ukuta wako una bomba la bafu lako. Liangalie hilo."

"Bomba la bafu liko upande mwingine kabisa. Huku ni kwenye matete yako. Ukuta unalowa kuanzia chini, rangi inabambuka kama ngozi ya mjusi. Mke wangu anasema ni jini. Nikamwambia hapana, ni Kiinua Mgongo."

Siku nyingine Mama Bwawa angecheka. Lakini siku hiyo alikuwa na bwawa linalokauka na bibi harusi anayekuja, akatafuta mtu wa kumbebesha.

"Na wewe mbona mboga zako zimestawi ghafla wakati mabomba ya mtaa mzima ni makavu? Nani anajua mpira wako wa kumwagilia unaingizwa wapi watu wakilala?"

Jirani akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Nimeandika kesi za wezi ujana wangu wote," alisema. "Leo nimeandikwa mimi. Haya." Akageuka, kisha akakumbuka jambo. "Wanasema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, mama. Kwako sioni mchukuzi aliyepata nafuu. Naona tunalowa wote."

Mama Bwawa alijua amevuka mpaka. Ila hakuwa mtu wa kurudi nyuma kuokota maneno. Alifunga geti, akarudi kumwambia mumewe kwamba jirani ni mtu wa maneno mengi.


Jumatano mpiga picha alikuja na shangazi wa bibi harusi. Mpiga picha walimwita Tabasamu, kwa sababu akiwa kazini halijui neno jingine. Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mwenye mkoba mgumu, aliyetazama nyumba ya watu kama mtu anayechagua nyanya.

"Bibi harusi atavalia wapi?"

Wakampeleka kwenye chumba cha Bibi. Ndicho chumba pekee chenye kabati la kioo kirefu na dirisha linalotazama bwawa. Bibi alikuwa ameketi kitandani akijichua magoti. Alipoona wageni aliinuka haraka, akashika ukingo wa kabati, kama mtu aliyekutwa kwenye kiti cha mwingine.

"Hapa pananuka dawa ya kuchua," shangazi alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayesema hapa pana ngazi, msijikwae.

"Tutafungua dirisha kuanzia alfajiri," Mama Bwawa alijibu.

"Na huyu mama?"

"Jumamosi huwa anakaa nje."

"Nje wapi? Maana nimesikia kuna picha moja ilitoka na mtu nyuma, kwenye kona, na miguu yake mitupu imevimba, bibi harusi akalia siku nzima."

"Hilo tulilimaliza, shangazi," Tabasamu alidakia. "Siku hizi pana utaratibu."

Utaratibu ulikuwa kiti cha plastiki nyuma ya matete. Mama Bwawa ndiye aliyeutunga, baada ya picha ile. Gari likipiga honi getini siku ya Jumamosi, Bibi huchukua fimbo yake akaenda kukaa huko mpaka shela la mwisho liondoke. Sebuleni hujaa masanduku ya vipodozi na wasimamizi, chumbani mwake hujaa bibi harusi, na jikoni ni kama kituo cha polisi siku ya mshahara.

"Mimi huwa sionekani, mwanangu," Bibi alimwambia shangazi. "Usiwe na wasiwasi."

Wakacheka kidogo, wote isipokuwa yeye.

Uani shangazi alisimama mbele ya bwawa, akatazama duara la tope lililouzunguka mpira, akawatazama samaki.

"Hili ndilo la kwenye picha?"

"Linafanyiwa usafi," mume alisema.

"Mh." Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akajipepea. "Ile hoteli ya barabarani wana chemchemi, na taa ndani ya maji. Mimi nasema tu."

Alipokwenda kungoja garini, Tabasamu alimvuta Mama Bwawa kando.

"Shemeji, mimi na wewe tumetoka mbali. Nyumba hii nimekula, nimelala kwenye kochi lenu. Lakini tumbo halina shemeji. Ijumaa mchana nitapita. Nikikuta maji, sawa. Nikikuta tope nahamia hotelini, na sihami na harusi hii moja. Nahama nazo zote."

"Utakuta maji."

"Tabasamu basi," alisema, akaenda zake.


Alhamisi asubuhi maji yaligoma kushuka. Mume alikuwa ameweka alama ya mkaa kwenye jiwe jingine lililobaki majini tangu jioni, na asubuhi maji yalikuwa palepale.

"Yamefika kwenye tundu," Mama Bwawa alisema. "Juu ya tundu yanatoka, chini ya tundu yanabaki. Kwa hiyo tundu liko usawa huu."

"Usawa huu unazunguka bwawa zima, mke wangu. Hiyo ni sawa na kutafuta shimo la sindano kwenye sketi ya bibi harusi."

"Kwani unakwenda wapi leo? Una kikao?"

Ndipo Mama Bwawa alipokumbuka maziwa. Aliwahi kusikia kwamba maziwa yakidondoshwa polepole kwenye maji yaliyotulia hufuata mkondo, hata kama mkondo ni mwembamba kama unywele. Akaenda jikoni. Jagi lililobaki lilikuwa la Bibi. Daktari alimwandikia maziwa kwa ajili ya mifupa, na yeye aliyapenda kwenye chai. Mama Bwawa alisita kidogo tu. Jumamosi Bibi hanywi chai. Ni miezi sasa, kila Jumamosi asubuhi anasukuma kikombe na kusema hana hamu, anasusa kama mtoto, na Mama Bwawa alishaacha kumbembeleza. Basi ya Jumamosi yatumike leo.

Bibi alikuwa mlangoni.

"Maziwa yangu yanasafiri?"

"Yanakwenda bwawani, Mama."

"Ala. Linaota meno?"

"Tunatafuta tundu."

"Haya. Linyonye, likue, lije linitunze uzeeni." Akacheka mwenyewe, akatoka nyuma yake kwenda kutazama.

Mume aliongeza ndoo chache za maji ili tundu lianze kuvuta tena, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini. Mkononi alikuwa na bomba la dawa ya mtoto, lile la kunyweshea. Alivuta maziwa, akayadondosha karibu na mpira, tone kwa tone. Kila tone lilining'inia majini kama moshi wa kibatari, likatawanyika, likafifia. Alisogea hatua, akadondosha tena. Upande wa nyumba, hakuna. Upande wa maporomoko, hakuna. Miguu ilianza kufa ganzi na jagi likaanza kuonyesha kitako.

Walipofika kwenye matete tone halikutawanyika. Lilijikusanya, likarefuka, likawa uzi mweupe, na uzi ukaingia kwenye mpira taratibu kama unaovutwa na fundi cherehani.

"Hapa," alisema mume. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo alitabasamu. "Hapa hapa. Nipe panga."

Aliyafyeka matete kutokea upande wa ukuta, shada kwa shada, na jinsi yalivyoanguka ndivyo ile nafasi ya nyuma ilivyojitokeza. Kiti cha plastiki kilichopasuka mguu na kufungwa kwa waya. Kipande cha boksi cha kukanyagia, maana ardhi ilikuwa imelowa. Na nyuma ya tuta, kipande cha nondo kilichopigiliwa kwa mshazari, kichwa kimelala juu ya kiti, ncha imeelekea bwawani. Kwenye nondo, kwa vipande vya kitambaa, ulifungwa mwavuli mweusi uliovunjika mbavu.

Mume aliishika nondo kwa mikono miwili, akaitikisa, akaing'oa. Kwenye ncha palikuwa na tope bichi, na juu ya tope doa jeupe la maziwa.

"Nani amepigilia hii?" aliuliza, ingawa mwavuli aliujua. Aliununua yeye.

"Mimi," Bibi alisema. Alikuwa amesimama nyuma yao, mikono miwili juu ya fimbo. "Nilitumia jiwe."

"Mama, umetoboa bwawa," Mama Bwawa alisema.

"Sikujua kama mpira unafika huku. Nilidhani ni udongo."

"Ungesema unataka kivuli, Mama. Mdomo si unao?"

"Nilisema."

Hakumtazama mwanawe aliposema hivyo. Mwanawe naye alitazama nondo. Alikumbuka vizuri. Aliambiwa kwamba saa za mchana jua linahamia nyuma ya matete na linampiga mama yake kichwani, naye akajibu kesho, Mama. Akajibu hivyo Jumamosi nyingi.

"Basi ungeniambia mimi."

"Wewe uliniambia nikae hapa, mwanangu. Nikakaa."

Mama Bwawa alikuwa mwepesi wa jibu maisha yake yote, na wepesi huo ulimsaidia sokoni na maofisini. Siku hiyo haukumsaidia. Aliiona sura ya shangazi, akaiona hoteli yenye taa ndani ya maji, akamwona binti yake akirudishwa nyumbani na sanduku lake la bati, na maneno yakatoka kabla hajayapima.

"Unajua tundu hili lingetulaza njaa sote? Nimemtukana jirani kwa ajili ya tundu hili. Mtu mzima, Mama. Angekuwa mtoto amefanya hivi angechapwa."

Bibi alimgeukia mwanawe, akangoja. Hakungoja sana, alingoja kiasi cha mtu kumeza mate. Mwanawe alikuwa ameanza kusugua tope kwenye nondo kwa kidole gumba, kwa uangalifu, kama atairudisha dukani.

"Kweli," Bibi alisema. "Mtoto angechapwa."

Akainama kwa shida, akafungua vitambaa, akachukua mwavuli wake, akarudi ndani. Akapitia ukutani.


Tundu lenyewe lilikuwa dogo, kidole cha mtoto kingelitosha. Walipunguza maji chini yake kwa ndoo, wakaukausha mpira kwa matambara, mume akausugua kwa msasa mpaka ukapoteza mng'aro. Alikata duara kwenye tyubu kuukuu ya lori, akapaka gundi ya pancha huku na huku, wakangoja ianze kunata, akakibandika kiraka na kukikandamiza kwa kiganja huku ameegemea na uzito wake wote. Mkewe alishika upande wa pili. Nyuso zao zilikuwa karibu kuliko zilivyokuwa kwa muda mrefu.

"Umemsema mama vibaya," mume alisema.

"Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa bubu?"

"Mimi ningesema nini?"

"Ungesema ni wewe. Ungesema kivuli aliniomba mimi."

Akakandamiza zaidi. Gundi ilinuka mpaka machoni.

"Si ulishasema wewe," alijibu. "Nikaona yameshasemwa."

Ijumaa gari la maji lilikuja, likajaza. Samaki wakatawanyika kama watoto waliofunguliwa shule. Mume akaweka alama mpya ya mkaa kwenye jiwe la kiatu, akaijaza na ndoo. Mchana Tabasamu alipita, akazunguka bwawa mara moja, akapiga mluzi. Pale palipofyekwa matete alisimama kwa muda mrefu.

"Shemeji, hapa pamefunguka. Ukutani mkiweka vyungu vya maua, hapa ndipo patakuwa penyewe. Matete yalikuwa yanakula mwanga."

"Na kiti?" mume aliuliza.

"Kiti gani?"



Jioni Mama Bwawa alinunua maziwa. Alipika chai nzito, akaweka tangawizi, akaipeleka chumbani kwa Bibi mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu lini. Neno samahani lilikuwa mdomoni mwake tangu jana, limekaa kama mfupa wa samaki, halipandi halishuki. Alidhani chai ingelisema kwa niaba yake.

Bibi alikuwa anakunja nguo.

"Kesho nakwenda kwa dada yake mumeo," alisema. "Amenipigia. Anasema watoto wamenikumbuka."

Wifi yake aliishi kwenye vyumba viwili na watu saba. Hakuwa amepiga simu, na wote wawili walilijua hilo, kwa sababu simu ya nyumba ile ilikuwa moja na ilikuwa mfukoni mwa Mama Bwawa.

"Kunywa chai, Mama. Na kesho nitakupikia nyingine kabla hujatoka. Maana Jumamosi huwa unasusa."

"Kususa?" Bibi aliweka nguo chini. Alionekana kushangaa kweli. "Sijawahi kususia chai mimi. Chai ina safari zake, mwanangu. Choo kiko kule, mimi niko huku, katikati kuna picha. Nikinywa asubuhi nitakaaje nyuma ya matete mpaka jua linazama?"

Aliyasema bila lawama, kama anayemweleza mgeni njia. Kisha akachukua kikombe, akanywa polepole mpaka mwisho, akakirudisha.

"Tamu," alisema.

Hapo ndipo pa kusema neno. Mama Bwawa alisimama na kikombe kitupu mkononi. Alitazama kabati la kioo, akatazama chupa ya dawa ya kuchua dirishani, na mawazo yake, bila kutumwa, yakaanza kupanga: kitanda kikisogezwa ukutani, shela litaning'inia pale, viatu vitakaa hapa.

"Utarudi lini, Mama?" aliuliza.

Bibi alimtazama.

"Nitaona," alisema.


Jumamosi asubuhi alipopeleka chai alikuta kitanda kimetandikwa kwa unadhifu wa mgonjwa aliyeruhusiwa. Msumari wa nyuma ya mlango, uliokuwa umebeba koti la Bibi tangu ahamie pale, ulikuwa mtupu. Chupa ya dawa haikuwepo. Dirisha lilikuwa wazi, limefunguliwa tangu alfajiri kama alivyoahidiwa shangazi, na chumba hakikunuka kitu chochote.

Mama Bwawa alishusha pumzi. Pumzi ndefu, iliyotoka yenyewe, ya mtu aliyetua mzigo. Aliisikia mwenyewe ikitoka, na neno la jirani likamrudia, lile la pakacha na mchukuzi, akahisi uso unamchoma kana kwamba jirani amesimama pale kwenye kioo.

Chai aliinywa mwenyewe, wima, mpaka mwisho. Maziwa yana bei.

Saa nne honi zikaanza. Bibi harusi alikuwa msichana mwembamba, mwenye usingizi, aliyemshukuru kila mtu. Shangazi aliingia chumbani, akavuta hewa kwa pua, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Leo chumba kinanukia. Mmemhamishia wapi yule mama?"

"Amekwenda kutembea kwa binti yake."

"Afadhali. Wazee wanahitaji kutembea."

Uani Tabasamu alikuwa na furaha ya mtoto. Alimweka bibi harusi pale palipokuwa matete, maji mbele yake, maporomoko kando, na kwa mara ya kwanza hakuinua kichwa kuchungulia kona. "Tabasamu," alisema. "Tabasamu. Hapohapo. Shemeji, leo hata sina haja ya kutazama nyuma." Kabla ya kuondoka aliweka miadi ya harusi mbili, moja ya Jumapili.

Juu ya ukuta kilitokea kichwa cha jirani na miwani yake.

"Ukuta umeanza kukauka, mama. Naondoa lalamiko langu."

"Jirani," alianza. Jirani alingoja. "Ni vizuri," alimaliza, na kichwa kikashuka.

Mume alirudi jioni, vumbi mpaka magotini. Alikuwa amemsindikiza mama yake na kubeba begi.

"Wamempokeaje?"

"Vizuri. Wamemtandikia sebuleni." Akakaa kwenye ngazi, akavua kiatu, akakung'uta mchanga. "Atarudi lini?"

"Si ulikuwa naye njia nzima? Hukumuuliza?"

"Nilidhani mmekubaliana. Nilidhani wewe umemwambia abaki, akakataa."

"Na mimi nilidhani utamwambia wewe."

Wakatazamana, kisha kila mmoja akatazama pake. Mume aliinuka, akachukua kile kiti cha plastiki kilichokuwa kimeegemezwa ukutani, akakigeuza huku na huku akitazama waya wa mguuni.

"Hiki nikiweke wapi?"

Mama Bwawa alikwenda ukingoni, akachuchumaa mbele ya jiwe la kiatu, akaitafuta alama ya mkaa. Maji yalikuwa chini yake kwa upana wa ukucha, sawasawa na ya kwenye ndoo. Hilo lilikuwa la jua. Zaidi ya hapo hakuna kilichopotea.